Kona ya Monako

Watu wanaowajazia wazazi wao fomu nawajua kwa mwandiko. Unakuwa mzuri mno, na majibu yanakuwa ya heshima mno. "Baba anapenda sehemu tulivu." "Mama angefurahi sana kuona twiga." Nina miaka kumi na saba katika kazi ya kupanga safari za watalii hapa Arusha, ofisi yetu iko Themi, ghorofani, na fomu ya namna hiyo ikinifikia siipangii chochote. Nairudisha. Naandika kwa adabu kwamba tafadhali mzee ajaze mwenyewe, hata kama atatamka tu na mtu mwingine akaandika. Mzee akijaza mwenyewe, mara nyingi hataki twiga. Anataka kukaa mahali pamoja siku tano aangalie ndege, au anataka kujua choo kiko umbali gani kutoka kitandani.

Kazi hii ofisini tunaiita kushona. Wageni wengine wananunua safari iliyokwisha tayari, wengine tunawapima, tunakata na kushona. Mimi ni mshonaji, na najisifu kwa hilo. Nalisema mapema ili ieleweke kwa nini nilikasirika kiasi kile, na kwa nini hasira yenyewe mpaka leo sijaimaliza. Nilimkasirikia kaka yangu, nikamkasirikia mwinjilisti wa usharika wetu, nikawakasirikia watu wenye chupa, nikamkasirikia hata baba. Zamu yangu mimi ilikuja mwisho.

Baba alikuwa fundi magari. Alitoka Kilimanjaro akiwa kijana, akaingia gereji moja pale Daraja Mbili, na hakutoka mpaka nywele zikawa nyeupe. Mwenye gereji alikuwa anashindana mbio za magari, zile za vumbi, na juu ya benchi la spana alibandika kalenda ya kampuni ya vipuri. Mwezi mmoja wa kalenda hiyo ulikuwa na picha ya kona. Barabara inashuka, inajikunja kushoto mpaka karibu irudi ilikotoka, na kwa chini inaonekana bahari na boti nyeupe za matajiri. Pembeni pameandikwa Monako. Mwaka ulipoisha tajiri wake alitupa kalenda, baba akaokota ukurasa ule mmoja akaurudisha ukutani. Ulikaa pale miaka mingi, ukapata rangi ya oili chafu.

Tulipompelekea chakula cha mchana alitusimamisha mbele ya picha na kutufundisha. "Ona. Hapa gari linashuka, uzito wote umekwenda mbele. Usukani umekata mpaka mwisho. Ukikumbuka breki hapa, umeshachelewa." Alibishana na mafundi wenzake kuhusu mteremko. Alishikilia kwamba picha inadanganya, kwamba mteremko ni mkali kuliko unavyoonekana, na alikuwa na sababu zake kuhusu jinsi ukingo wa barabara ulivyokaa. Walimcheka sana. Mtu hajavuka hata mpaka wa Namanga, anabishania barabara ya Ulaya! Tajiri alimwahidi kwamba iko siku watakwenda wote wawili wakamalize ubishi. Kisha tajiri akauza gereji akahama nchi, na ukurasa ukaja nyumbani kwetu Elerai, ukaingia kwenye fremu iliyokuwa na picha ya ubatizo wangu. Picha ya ubatizo iko ndani ya kabati hadi leo.

Mama alipofariki, baba alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Aliichukua kazi ile kama alivyochukua injini, kwa uangalifu na bila maneno mengi. Halafu akaanza kugonga milango kwa bega. Nilimpeleka kwa daktari wa macho, tukaambiwa ni presha ya macho, ile inayokula kuona kuanzia pembeni ikielekea katikati. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa na dirisha dogo katikati, na dawa za matone zingelilinda kwa muda ambao daktari hakuweza kuutaja. "Mzee," alisema, "kama kuna kitu unatamani kukiona, usikiahirishe."

Tulirudi kwa gari. Tulipokaribia nyumbani baba akasema, "Kona."

"Kona gani, baba?"

"Unaijua."

Kesho yake nilimpelekea fomu, ileile ninayowapelekea wageni. Aliijaza kwa herufi kubwa, kama alivyokuwa akiandika juu ya maboksi ya gia. Ungependa kuona nini? KONA. Kingine? MABASI YAO YAKIPITA HAPO. Chakula usichokula? HAKUNA. Kitu gani hupendi safarini? KUPANGIWA. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakauliza kuna nini.

Nikaanza kushona. Monako ni nchi, ina bendera na ina mtawala wake, lakini yote ungeiweka ndani ya mitaa michache ya Arusha na ingebaki nafasi ya kuegesha magari. Watu wanaijua kwa boti, kwa kasino na kwa wanawake wenye miwani mikubwa. Mimi niliisoma kwa ajili ya mzee mwenye jicho moja na magoti mabovu. Niligundua kwamba mji umejengwa mlimani na una lifti za barabarani, za bure, zinazopandisha watu kutoka mtaa hadi mtaa. Nikazichora zote. Malazi nikaweka mji wa jirani, upande wa Ufaransa, tuwe tunaingia kwa treni asubuhi. Nikachagua mwezi wa kumi, jua limepoa na barabara iko wazi, maana baba hakutaka siku za mbio za magari zinazopita pale. Alitaka siku ya kawaida, watu wanakwenda kazini. Niliiandikia hata hoteli iliyo pale juu ya kona kuuliza kama kuna mahali mzee anaweza kukaa kando ya barabara, na mtu wa mapokezi akanijibu kwa ukarimu. Viza zilitoka, yake na yangu. Kila niliyemwambia alidhani viza ndiyo ingetukwamisha. Tulikwamishwa na watu wetu.

Kaka yangu ndiye mtoto wa kwanza. Anauza vifaa vya ujenzi, wateja wanamwita Mangi kama wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka, na tangu mama afariki yeye ndiye anaitisha vikao vya familia. Alitukusanya kwake Jumamosi saa kumi, akafungua kwa sala, akagawa soda, kisha akasema amesikia habari ya Monako na imemnyima raha.

"Ile ni nchi ya kamari," alisema. "Ukitafuta kwenye simu, cha kwanza kinachokuja ni kasino."

"Baba haendi kasino."

"Nani atajua kwamba haendi? Mzee wa kanisa! Juzi tu amemkemea kijana wa kwaya kwa ajili ya kubeti. Huyo kijana atasema nini? Na wewe, picha zenu mtaweka wapi? Kwenye grupu la usharika?"

"Kwa hiyo unatakaje?"

"Nchi Takatifu. Kuna kundi la wazee linakwenda mwezi huohuo wa kumi. Gharama niachieni mimi. Atasimama Yordani, atapiga picha, atarudi, tutafanya shukrani watu wale washibe. Kwa mtu wa umri wake hiyo ndiyo safari."

Haya yote yalisemwa baba akiwa amekaa kwenye kochi, hatua mbili kutoka kwa msemaji, soda yake mkononi. Nilimuuliza kaka kama amemuuliza baba. Akasema baba ni mtu mzima, anajua tunamtakia mema. Nikamuuliza tena, kwa sauti iliyowafanya watoto wake watoke jikoni kuchungulia, kama amemuuliza baba.

Baba akaweka soda chini. Aliipapasa meza kwanza.

"Yerusalemu naisoma kila siku," alisema. "Kona sijaikanyaga."

Kaka alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Akasema sawa, twende, lakini isitangazwe. Hapo baba akakataa. Kwetu usharikani mtu anayesafiri mbali anapeleka karatasi kwa mwinjilisti Jumamosi, na Jumapili anaitwa mbele, mchungaji anamwekea mkono na watu wanamwombea. Baba mwenyewe alikuwa amesimama pembeni ya wasafiri wengi namna hiyo, wanafunzi na wagonjwa wanaokwenda kutibiwa. Alisema hawezi kupanda ndege bila kuombewa kama mtu anayetoroka. Akanigeukia mimi, binti yake. "Mama, wewe utaniandikia."

Karatasi nikaiandika mimi, ofisini, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kaka alikuwa amenipigia simu mara tatu tangu asubuhi. Andika kiujumla, alisema. Usitaje. Kwani lazima utaje? Nilikuwa na wageni wanne mapokezi ambao mizigo yao ilikuwa haijafika, dereva ananisubiri, na nilikuwa nimechoka kugombana na ndugu yangu. Niliandika hivi: Mzee wetu anasafiri nje ya nchi, familia inaomba sala ya safari njema. Nikaisoma mara mbili. Kila neno lilikuwa la kweli. Nikampa dereva aipitishe kwa mwinjilisti.

Jumapili mwinjilisti alisoma matangazo ya ndoa, akasoma ratiba ya jumuiya, kisha akainua karatasi yangu na uso wake ukang'aa. Alimwita baba mbele. "Wapendwa," alisema, "baada ya utumishi mwingi Bwana amemfungulia mlango mzee wetu. Anakwenda Nchi Takatifu!"

Vigelegele vililipuka upande wa akina mama. Kwaya ikaanza wimbo bila kuambiwa. Baba alisimama mikono ameifumbata, akawa anageuza kichwa polepole, maana kwa dirisha lake dogo asingeweza kutuona bila kututafuta mmoja mmoja. Alitupata. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Kaka alikuwa pembeni yangu anapiga makofi. Ningeweza kusimama pale nikasema, samahani, siyo huko. Watu wanasimama kanisani kusema mambo madogo kuliko hilo, hadi kutangaza funguo zilizookotwa. Nilibaki nimekaa, mchungaji akaweka mkono juu ya kichwa cha baba na kumwombea afike salama Yerusalemu.

Ibada ilipoisha watu walitoka nje kwa mnada wa sadaka, ndizi na kuku waliotolewa na waumini. Nilimkamata mwinjilisti kwa kiwiko.

"Nani amekwambia Nchi Takatifu?"

Alishtuka kweli. "Dada, si mmeandika nje ya nchi? Mzee wa kanisa, nje ya nchi, mwezi wa kumi, wenzake wote wanakwenda. Atakwenda wapi tena?"

Nilitamani kumpiga kwa mkungu wa ndizi uliokuwa miguuni pake. Badala yake nilimfuata kaka kwenye gari lake na kumwita mwongo mbele ya mke wake. Nilimwambia amempa mwinjilisti maneno. Aliapa kwa kaburi la mama kwamba hajafungua mdomo. Leo namwamini. Siku ile nilimwambia mama asingemtambua.

Chupa zilianza kuja siku hiyohiyo mchana. Kwetu mtu akienda Nchi Takatifu anatumwa maji ya Mto Yordani, kila mtu na chupa yake. Zilikuja chupa za soda, chupa za dawa ya kikohozi zilizochemshwa, na mzee mmoja mwenye familia kubwa alileta dumu la lita tano. Kila moja ilikuwa na jina kwenye kipande cha plasta. Wengine walifungia na karatasi ndogo za maombi, azisome kule. Hadi Jumatano zilikuwa thelathini na moja, na meza ya chakula haikuwa na pa kuweka sahani.

Kaka alikuja, akaziangalia, akasema ni wazi sasa Mungu mwenyewe amepanga, nibadilishe tiketi. Mimi nikamwambia baba tuondoke kama tulivyopanga, tukirudi atawaeleza, watacheka, yataisha. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

"Nikirudi nimewabebea nini?" aliuliza.

"Utawaeleza, baba."

"Nitawaeleza kabla. Waliniletea mkononi, nitawarudishia mkononi."

Nilimwambia basi Jumapili asimame aseme mara moja, imalizike. Akasema hawezi kumwambia mtu mbele ya usharika mzima kwamba chupa yake haiendi. Mtu atajisikia vibaya, na si yeye aliyekosea. Akaweka chupa mbili kwenye mifuko ya koti, akachukua fimbo, akatoka.

Nani amewahi kurudisha chupa tupu Elerai na kuondoka papo hapo? Kila nyumba walimkalisha. Kila nyumba chai, na chai ina maandazi, na maandazi yana habari za watoto na mifugo, na baada ya yote hayo ndipo anaeleza kwamba haendi Yerusalemu, anakwenda Monako, na hapo inabidi aeleze Monako ni nini. Asipomkuta mwenye chupa hakukubali kumwachia jirani. Alirudi nayo, akaenda tena kesho. Nilimwambia nitampeleka kwa gari tumalize kwa siku mbili. Akasema watu wakiona gari linasubiri nje watadhani ana haraka nao. Lakini alikuwa na haraka! Jicho lake lilikuwa na haraka! Nilimwambia hivyohivyo, nimesimama mlangoni kwake, nikipiga kelele kama muuza mitumba.

"Baba, chupa ni chupa!"

"Shusha sauti," alisema. Sikuwa nimewahi kumpandishia sauti maishani.

Alikuwepo mama mmoja anayeuza mboga, mwenye mtoto wa kifafa, na kwenye plasta hakuandika jina lake, aliandika la mtoto. Baba alikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza hakuweza kusema. Alikunywa uji, akampa mtoto pole, akarudi na chupa mfukoni. Mara ya pili akasema, mama akalia, akamsihi aende nayo tu popote aendapo, akaichote bahari ya huko. Baba akaja kuniuliza kama kuchota bahari ya Monako ni kudanganya. Siku hiyo niliufunga mlango wa gari kwa nguvu mpaka kioo kikashuka ndani na hakikupanda tena. Mara ya tatu baba aliiacha chupa kwa mama huyo.

Tarehe ya safari ilipita ikiwa zimebaki chupa kumi na mbili. Nilikuwa ofisini, nikaangalia saa ya ndege yetu ikifika na kupita, huku mgeni kwenye simu ananilalamikia kwamba chumba alichopewa hakikuwa na mandhari. Siku za viza nazo zikaisha. Chupa ya mwisho ilirudi mvua za vuli zimeshaanza. Baba alikuja kunipa taarifa kama fundi aliyemaliza kazi, viatu vimejaa matope. "Sasa twende," alisema.

Tuliomba viza upya. Tukapangiwa siku ya mbali, tukasubiri. Na asubuhi moja mwezi wa pili baba alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina, akaniita kwa simu akisema kuna kitu kimezimika. Daktari alisema presha ilipanda ghafla ingawa dawa alikuwa anaweka, inatokea. Kilichobaki ni mwanga na kivuli. Baba alimshukuru. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za kliniki, na mlinzi akaniletea kiti bila kuniuliza kitu.

Kaka aliandika kwenye grupu la familia kwamba Mungu ana makusudi yake, akaweka mikono ya kusali. Nilichomjibu sikiandiki hapa. Nikatoka kwenye grupu na sijarudi.

Mwezi uliofuata viza zikatoka. Nilikwenda Elerai Jumamosi mchana kumwambia baba kwamba nitafuta safari, nirudishiwe kinachorudishika. Mlima Meru haukuonekana siku hiyo, ulikuwa na mawingu hadi chini. Nilimkuta kwenye kiti chake chini ya fremu ya kona.

"Ya lini?" aliuliza kabla sijakaa.

"Shikamoo, baba. Nini ya lini?"

"Marahaba. Safari."

"Baba..."

"Fomu yangu umeipoteza?"

Nilikuwa nayo kwenye pochi. Ratiba pia nilikuwa nayo, kurasa nne, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na alitaka nimsomee yote. Nilipoanza kusoma ndipo nilipoona nilichoandika. Siku ya kwanza, kutazama bandari kutoka juu. Siku ya pili, mandhari ya bahari, benchi lenye kivuli. Kila mstari ulikuwa wa macho. Nilisoma nikikata kwa kalamu, nikamwona anatabasamu anaposikia kalamu inavyokwaruza. Makumbusho ya magari ya zamani alisema nisiyakate, niwaombe tu kama mtu anaweza kugusa. Nikafika siku ya tatu, kona, dakika ishirini.

"Weka saa mbili."

"Utafanya nini saa mbili, baba?"

"Nitashuka, nitapanda. Nitashuka tena. Mteremko naupima kwa miguu, wale waliokuwa wanacheka nitawapigia simu nikiwa palepale. Halafu nitasikiliza mabasi yao, nijue dereva anakanyaga breki wapi."

Niliandika saa mbili. Kisha akasema tuandike na karatasi ya kanisa, maana kesho ni Jumapili. Akavuta kitabu chake cha nyimbo kutoka mezani, akatoa ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa ili nimwandikie nyuma yake, kwamba upande mmoja bado ni msafi. Niliitambua kabla ya kuikunjua. Ilikuwa karatasi ya ofisi yetu. Mzee wetu anasafiri nje ya nchi. Mwandiko ulikuwa mzuri mno.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa mwinjilisti. Nilianza kwake kabla ya chupa zote. Nilimuuliza kwa nini amesema vile, akanipa, akasema mzee, tazama nilichoandikiwa."

"Umekaa nayo miezi yote hiyo?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unampigia kelele kila mtu. Nikasema, akiwamaliza atafika."

Nilikuwa nimeshika kalamu, hasira ileile niliyoizoea imenipanda, isipokuwa hapakuwa na mtu mwingine chumbani wa kuipokea. Nilianza kumwomba msamaha. Akanikatiza, bila ukali.

"Ungeandika tu Monako, mama. Ningesimama mwenyewe nikawaeleza yaishe. Wakati ule nilikuwa bado nawaona nyuso." Akapapasa meza, akasukuma karatasi karibu yangu. "Andika."

Niligeuza karatasi. Niliandika, nikimsomea kila neno: Mzee wetu anakwenda Monako, kuona kona ya barabara.

"Hapana," alisema. "Usiandike kuona."

Nikainua kalamu.

"Andika kukanyaga."

Nikakata kuona, nikaandika kukanyaga.